Mguu wa Kwanza wa Mwaka

Kuchinja nguruwe ni kazi ya wanaume. Lakini kijijini kwa kina Kamenka, huko kaskazini-magharibi mwa Bulgaria, wanaume wenye kifua walikwisha kwenda zao zamani, wengine Hispania kuchuma matunda, wengine Ujerumani kubeba matofali. Waliobaki walikuwa wazee wa kikohozi na walevi wasioweza kushika kisu bila kujikata wenyewe. Basi kazi ikamwangukia Kamenka, mjane wa miaka sitini na kitu, ambaye ujana wake wote ulipotelea kwenye mabanda ya nguruwe ya ushirika, enzi za chama kimoja. Kila Desemba watu walimfuata. Alikuja na shoka na kisu kirefu, akampiga mnyama kwenye paji la uso kwa upande butu wa shoka, akamlalia kwa goti, na kabla mwenye nguruwe hajamaliza sigara yake kisu kilikuwa kimeshaingia nyuma ya mguu wa mbele wa kushoto, kule uliko moyo. Alipewa nyama na chupa ya rakia, pombe kali ya matunda, akashika njia kurudi kwake akiwa na damu mpaka viwikoni.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Uchungu huo Kamenka hakuhadithiwa na mtu. Mumewe, Toncho, alimpiga kwa miaka mingi kuliko aliyokuwa akipenda kuihesabu, na wala hakuwa mlevi wa kusingizia pombe. Alipiga akiwa na akili zake timamu, baada ya chakula, kama mtu anayetimiza wajibu. Alimvunja taya, likaunga vibaya, na mpaka uzeeni lilikuwa likilia kila alipotafuna mkate. Na kila Toncho alipovua mkanda, mama mkwe wa Kamenka alikuja mbio akinyoosha mikono. "Nipe mtoto," alisema. Akamchukua Rangel mdogo, akaenda naye jikoni, akafunga mlango, akafungulia redio mpaka mwisho, akamwimbia mtoto mpaka yaishe. Kisha alirudi na kitambaa kilicholowa maji. Kamenka alimshukuru. Ndiyo, alimshukuru! Alidhani ile ni huruma.

Toncho alikufa kwa baridi ndani ya mtaro, msimu wa theluji. Kamenka alimlilia kaburini kwa sauti kama desturi inavyotaka, majirani wakaridhika, kisha akarudi nyumbani akalala usingizi wa kushiba.

Rangel alikuwa mtoto wake wa pekee. Alipokuwa na miaka kumi alimwambia mama yake, "Nikikua nitamuua baba." Alipokua hakumuua mtu, aligeuka kuwa huyo baba. Mtoto wa nyoka ni nyoka, watu walisema, na walisema upuuzi. Nyoka hafundishwi kuuma. Rangel alifundishwa, tena chumba cha pili, kwa muziki.

Alimuoa Ralitsa, msichana mpole wa kijiji cha jirani aliyekuwa akipika shuleni, wakapata Bilyana, kisha Spas. Ralitsa alivumilia mpaka siku aliyovunjwa mbavu mbele ya watoto. Siku hiyo hakulia. Alikwenda mahakamani. Hakimu akampa watoto, na baba yao akapewa Jumamosi na Jumapili za wiki moja katika kila mbili. Kwa kuwa wawili hao hawakuweza kutazamana bila shari, ikaamuliwa watoto wakabidhiwe mbele ya lango la bibi yao. Ralitsa alihamia nyumba aliyoachiwa na shangazi yake, malango machache kutoka kwa Kamenka, na hivyo kila baada ya wiki mbili watoto walipita mikononi mwa Kamenka, wakienda na wakirudi.

Kamenka aliishi kwa siku hizo. Asingekubali kusema, lakini kijiji kizima kilijua. Siku ya watoto alioga mara mbili ili asinuke damu, akaoka mkate wa jibini, akawakaripia kuku wasipige kelele. Bilyana, mwenye miaka tisa, alikuwa na macho ya kupima watu. Spas, wa miaka sita, aliongea bila kupumua na alipenda kulala kichwa kikiwa juu ya paja la bibi yake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini utamu wa mjukuu aujuaye ni bibi, na Kamenka alikuwa na njaa ya utamu tangu alipozaliwa.

Jumapili moja ya vuli Rangel aliwarudisha watoto akiwa na hasira, kwa sababu Spas alikuwa amemwita kwa bahati mbaya "bwana". Ralitsa aliinama kumtoa mtoto kwenye gari. Rangel akaufunga mlango kwa nguvu zake zote, mkono wa Ralitsa ukiwa bado kwenye upenyo. Vidole viwili vilivunjika, na sauti yake ilisikika mpaka kwa jirani, Mzee Tsolo. Kamenka aliona kila kitu. Alisikia pia, na masikio yake yalijua mfupa ukivunjika unaliaje.

"Bahati mbaya," alisema Kamenka.

Hazikupita wiki mbili, Ralitsa akaja kwake, vidole vimefungwa bendeji. Kamenka alikuwa akikata kabichi za kutia kwenye pipa la chumvi.

"Mama," alisema Ralitsa, maana hakuwahi kuacha kumwita hivyo, "nimepata kazi Saragosa, huko Hispania, kwa dada yangu. Kiwanda cha matunda. Nyumba ipo, shule ipo. Kilichobaki ni saini ya Rangel. Asiposaini mbele ya wakili mwenye muhuri, watoto hawavuki mpaka."

"Na unadhani atasaini?"

"Kwangu hatasaini. Wewe ungemwambia angeweza."

Kamenka aliendelea kukata. "Mtoto hatenganishwi na baba yake."

"Baba gani, mama? Huyu?" Ralitsa aliinua ule mkono.

"Ulichelewa kuutoa."

Ralitsa akacheka, kicheko kikavu. "Kweli, nilichelewa. Nachelewa kutoka tangu siku niliyoingia kwenu."

"Na mimi je? Hukuniwaza mimi? Spas nitamuona wapi, kwenye picha ukutani?"

"Tutakuja majira ya joto."

"Wote wanasema hivyo. Binti wa Tsolo alisema hivyo hivyo, leo baba yake anapiga soga na mbuzi." Kamenka akakita kisu kwenye ubao. "Sitamwambia asaini. Kama unataka Hispania nenda. Watoto waache."

Ralitsa alifika mlangoni. Alikuwa na sababu zote za kuondoka kimya, na laiti angeondoka kimya. Lakini alimhurumia yule mama.

"Basi nitakuambia, ili upate kuwaaga," alisema. "Nimeshakwenda kwa hakimu. Baba akikataa bila sababu, hakimu anaweza kuruhusu badala yake. Karatasi ya kumwita Rangel itamfikia baada ya sikukuu, na siku hiyo sitaki niwe hapa. Siku ya Mtakatifu Ignati, Spas atakuja kwako asubuhi kama kila mwaka. Mchana tunakwenda mjini kwa rafiki yangu, tukasubiri kesi huko. Nakuomba kwa jina la watoto, usimwambie."

"Sisemi," alijibu Kamenka, na wakati huo alimaanisha.

Siku ya Mtakatifu Ignati huangukia siku chache kabla ya Noeli, na kijijini kwao ndiyo siku ya kuufungua mwaka. Mtu wa kwanza kuvuka kizingiti chako asubuhi hiyo ndiye anayekuletea mwaka mzima, wa heri au wa nuksi, kwa jinsi moyo wake ulivyo. Mwaka ambao binamu wa Tsolo aliingia kwake amenuna, ng'ombe wa Tsolo alikufa, na mpaka leo ndugu hao hawasalimiani. Siku hiyo kitu hakitoki nyumbani, si chumvi wala kaa la moto. Mtu mzima ambaye bado hajatembelewa havuki lango lake, asije akaondoka na bahati ya nyumba kwenye viatu. Kwa kawaida ni watoto tu wanaotembea, kwa sababu mioyo yao bado haijaoza.

Mguu wa Spas ulikuwa wa heri, hakuna aliyebisha. Tangu aanze kumfungulia bibi yake mwaka, kuku wa Kamenka walitaga hata theluji ikiwa magotini. Kila mwaka Kamenka alimkalisha karibu na jiko, akampa kijiti achokoe makaa, cheche ziruke, naye Spas akasema maneno aliyofundishwa: idadi ya cheche iwe idadi ya vifaranga, iwe idadi ya wana-kondoo, na afya kwa Bibi. Bilyana naye alifundishwa masharti: usiingie umenuna, usiingie mikono mitupu, usiingie ukilia.

Jioni ya kuamkia siku hiyo Rangel alikuja kwa mama yake kula maharage. Kamenka alimtazama akila, akawaza mwaka unaofuata, nani atachokoa makaa, nani atalala kwenye paja lake, akaona giza tupu. Mdomo ukafunguka wenyewe. Alimwambia yote: hakimu, Saragosa, mchana wa kesho.

Rangel aliweka kijiko chini taratibu.

"Nenda ukaongee naye," alisema Kamenka upesi. "Lakini kwa upole, mwanangu. Kwa upole."

Kwa upole! Umeona moto ukatumwa ukaunguze kwa adabu? Kamenka alijua alichofanya kabla hata mwanawe hajavaa koti. Angeweza kumfuata. Angeweza kwenda kumwonya Ralitsa. Badala yake aliosha vyombo, akajiambia kwamba mtu mzima anayajua mambo yake, kwamba baba ana haki, kwamba watoto sasa watabaki. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na Kamenka alimchelea wake tangu yuko kwenye nepi.

Asubuhi theluji ilikuwa imetulia, na kijiji kimya kama kinavyokuwa siku hiyo. Kamenka alitandika kitambaa kipya, akaweka ngano na kokwa za jozi kwenye chekeche, akawasha jiko. Kwenye ukumbi wa mbele aliegemeza shoka na kulaza kisu, kwa sababu mchana ilikuwa zamu ya nguruwe wake mwenyewe. Kisha akakaa dirishani kumsubiri Spas.

Aliyekuja ni Bilyana. Alikuja mbio na kandambili moja, mguu mmoja mtupu kwenye theluji, nyusi imepasuka na damu imemfunika jicho. Alifika langoni, akasimama ghafla kana kwamba kuna kamba imemzuia.

"Ingia!" Kamenka alifungua mlango.

"Siingii, Bibi."

"Ingia wewe, unatoka damu!"

"Siingii!" Mtoto alikuwa akitetemeka meno yakigongana. "Nikiingia hivi nitakuletea mkosi mwaka mzima. Wewe ulisema. Baba amekuja alfajiri, anamuua mama. Amefunga mlango kwa ufunguo, mimi nimeruka dirishani. Spas yuko ndani."

Kamenka alimtazama mjukuu wake akiwa amesimama nje ya lango kwenye baridi, uso umepasuka, akiwahofia kuku wa bibi yake wasije wakaacha kutaga. Jambo hilo lilimwingia kifuani na halikutoka tena. Nani alimfundisha mtoto huyu kusimama nje na damu yake? Yeye. Ni yeye, kwa mdomo huu huu.

Alichomeka kisu kwenye mkanda, akashika shoka, akavuka lango.

Nyuma ya malango watu walikuwa wamesimama. Wote walikuwa wakisikia. Kutoka nyumba ya Ralitsa palitoka sauti ya zumari na ngoma za arusi, redio imefunguliwa mpaka mwisho, na chini yake kitu kikigonga ukuta.

"Kamenka!" Mzee Tsolo aliita bila kugusa lango lake. "Rudi ndani, mama, kwako hajaingia mtu!"

"Wa kuingia ndiye huyu, Tsolo. Mtazame usoni."

"Tumeshawapigia polisi!"

"Polisi wako mjini wanakunywa kahawa. Wewe uko hapa!"

"Kwangu pia hajaingia mtu, dada. Nina ng'ombe..."

"Basi ukifa ng'ombe wako na aje akulilie matangani!"

Kamenka alikuwa akizijua nyimbo zile za redio. Kila hatua aliyopiga ilimrudisha kwenye sakafu yake ya zamani, Toncho juu yake, na nyuma ya mlango wa jikoni sauti ya mama mkwe ikibembeleza mtoto. Alielewa ni nani aliyeifungulia redio ile, na alijifunzia wapi. Alijitukana kwa sauti, tusi zito la mabandani, akaendelea kwenda.

Mlango ulikubali kwa pigo la tatu. Ralitsa alikuwa sakafuni sebuleni, kando ya jiko la kuotea moto, nywele zake zimezungushwa kwenye ngumi ya Rangel, na kwa mkono wa pili Rangel alishika gogo la kuni. Jicho moja la mwanamke lilikuwa limefumba kabisa. Bado alikuwa akipigana. Meno yake yalikuwa yameacha alama kwenye mkono wa mwanaume. Mabegi yalikuwa yamepasuliwa, nguo za watoto zimetapakaa, na kwenye jiko pasipoti mbili zilikuwa zikijikunja kwa moto. Spas alikuwa chini ya meza, viganja masikioni, macho wazi.

Rangel aligeuka, akamwona mama yake na shoka. Uso wake ukalegea kwa nafuu.

"Umekuja vizuri, mama," alisema akihema. "Mchukue mtoto. Mpeleke jikoni."

Hakuwa na shaka hata kidogo. Kwake yeye, hiyo ndiyo kazi ya bibi.

Kamenka aliinama akamtoa Spas chini ya meza. Mtoto alikuwa mzito na mgumu kama kuni, na alikuwa amejikojolea. Akambeba mpaka nje, akamshikisha mkono wa dada yake aliyekuwa amemfuata bibi.

"Nendeni kwangu," aliwaambia. "Ingieni. Ingieni na damu yenu, ingieni na machozi yenu, ingieni na mkosi wote wa dunia, kisha mjifungie. Mmesikia? Ingieni!"

Alipohakikisha wameondoka alirudi ndani, lakini hakwenda moja kwa moja kwa Rangel. Aliingia jikoni akaipiga redio shoka moja. Zumari likakatika. Ghafla ndani ya nyumba mkasikika kila kitu: pumzi ya Rangel, koo la Ralitsa, damu ikidondoka kwenye bati la jiko.

"Unafanya nini?" aliuliza Rangel.

"Nataka kusikia."

"Toka, mama. Haya si yako."

"Mwachie."

"Nimesema toka!" Na akainua gogo.

Kamenka alimpiga kwa upande butu wa shoka, begani. Mfupa wa bega ulilia mlio mkavu, na safari hii hakuna muziki uliousitiri. Rangel akapiga yowe, gogo likaanguka. Lakini alikuwa mwanaume mkubwa, na hasira ilimbeba. Akamgeukia mama yake na ngumi nzima, akampiga taya lile lile lililovunjwa na Toncho. Kamenka aliona weupe. Akatema jino. Akaanguka juu ya meza, meza ikaanguka naye, na mwanawe akamjia akimkanyaga mguu, tumbo, mkono, huku akitoa sauti ambayo mama yake aliijua zamani kutoka kinywa cha mtu mwingine. Alipoinua mguu tena, Kamenka alizungusha shoka akiwa chini, likampata kwenye goti. Rangel akaporomoka. Kabla hajavuta pumzi alikuwa na goti la mama yake mgongoni na kisu kirefu ubavuni, upande wa kushoto, nyuma ya kwapa.

Ncha ilikuwa imeshapenya shati. Mkono wa Kamenka uliijua njia. Uliijua kuliko alivyojua sala, na ulikuwa ukitaka kwenda. Alikuwa akiuzuia kama mtu anavyomzuia mbwa. Angesukuma kidogo tu, kesi yote ya dunia ingekwisha.

"Mama," Rangel alisema, shavu likiwa sakafuni, sasa kwa sauti ya kitoto. "Mama, ni mimi."

"Najua ni wewe. Ndiyo maana bado unapumua."

Wakakaa hivyo. Ralitsa alijivuta mpaka ukutani, akaegemea, akawa anawatazama kwa jicho lililobaki. Rangel alilia, kisha akatukana, kisha akalia tena, na Kamenka, damu ikimchuruzika kidevuni na kumdondokea mwanawe kisogoni, hakuondoa goti. Polisi walipofika hatimaye, vijana wawili, walisimama mlangoni wamepauka.

"Bibi, weka kisu chini," mmoja alisema.

"Mfungeni kwanza. Mkono huu nikiulegeza sijui utakwenda wapi."

Wakamfunga.

Mahakamani, miezi michache baadaye, wakili wa Rangel alijaribu kuonyesha kwamba ilikuwa ugomvi wa kawaida wa nyumbani na kwamba Ralitsa alikuwa akiwaiba watoto. Kamenka alisimama akaeleza kila kitu kuanzia mlango wa gari. Alieleza vile vidole. Alieleza pia kwamba ni yeye aliyemwambia Rangel siri, baada ya kuombwa kwa jina la watoto asiseme. Ralitsa hakuwa akilijua hilo. Aligeuza kichwa akamtazama, kope yake moja ikiwa imelegea, haijapata kurudi sawa.

"Wewe ni mama wa namna gani?" wakili alimuuliza Kamenka, sauti juu. "Umemvunja mwanao, sasa unataka kumfunga?"

"Mama mbaya," alisema Kamenka. "Andikeni. Nimemlea vibaya, nikamficha vibaya, nikamwambia siri isiyofaa kuambiwa muuaji. Sasa wapeni watoto ruhusa waende mbali naye. Na mbali na mimi, ikibidi."

Rangel alifungwa miaka kadhaa. Hakimu akaruhusu watoto wavuke mpaka bila saini yake. Hivyo kile ambacho Kamenka alikihofia kuliko vyote alikileta yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya watu.

Basi la kwenda Hispania lilisimama uwanjani mbele ya duka. Spas alimkumbatia bibi yake kiunoni. Tangu siku ile yule mtoto wa kusema bila kupumua alikuwa akitoa neno moja moja. Bilyana alipanda kwanza kwenda kukagua viti vya nyuma, kisha akashuka kumwita mdogo wake.

"Sijakusamehe, mama," Ralitsa alisema.

"Usinisamehe."

"Lakini watoto watakupigia."

Kamenka akawapa mkate wa jibini uliofungwa kwa kitambaa, na basi likaondoka.

Kijiji hakikumwita tena kuchinja. Watu wale wale waliosimama nyuma ya malango wakisikiliza sasa walipitisha habari kwamba Kamenka amemchinja mwanawe, ingawa Rangel alikuwa hai gerezani akila bure. Walimkodi mlevi mmoja kutoka kijiji cha chini, nguruwe wakawa wanakufa kwa mateso, na kelele zao zilimfikia Kamenka kitandani. Potelea mbali. Aliwapenda nguruwe kuliko majirani zake, na hilo alimwambia Tsolo usoni.

Siku ya Mtakatifu Ignati iliporudi, alitandika kitambaa, akaweka ngano na jozi kwenye chekeche, akawasha jiko. Watoto watatu wa kijiji walipita nje. Mmoja alipunguza mwendo langoni, mwenzake akamvuta mkono. Jua lilipanda, theluji ikaanza kuyeyuka juu ya vigae, na kizingiti kilikuwa safi vile vile alivyokifagia. Mwaka usio na mguu ni mbaya kuliko mwaka wa mguu mbaya. Kamenka alikuwa akisimama kukunja kitambaa simu ilipolia.

Uso wa Bilyana ulijaza kioo cha simu, kisha ukasukumwa, akaja Spas, meno mawili ya mbele hayapo.

"Bibi, nani ameingia?"

"Hajaingia mtu, mwanangu."

"Hata mmoja?"

"Hata paka."

Spas alifikiri. "Toka nje na simu. Halafu uniingize."

"Uko Saragosa wewe."

"Niko kwenye simu," alisema Spas, kwa uvumilivu wa mtu anayemweleza mjinga.

Kamenka akatoka. Alivuka lango lake kabla hajatembelewa, mbele ya macho ya Tsolo aliyekuwa ameshangaa upande wa pili, akageuka, akaishika simu kwa mikono miwili mbele ya kifua, uso wa mtoto ukitazama nyumba. Alifika kwenye kizingiti.

"Subiri, Bibi," Spas alisema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Baba yuko ndani?"

"Hayupo. Yuko mbali, amefungiwa."

"Angalia kwanza."

Kamenka alijua Rangel yuko wapi. Alijua hata namba ya jengo. Lakini alimweka mtoto taratibu juu ya ukuta wa baraza, akaingia peke yake. Akaangalia nyuma ya mlango. Akaangalia jikoni, kwenye kabati la nguo, chumba alichofia mama mkwe wake. Alipiga magoti, taya likamuuma, akainua kitambaa kipya akatazama chini ya meza, akakaa pale kidogo. Kisha akarudi nje.

"Hayupo, Spas. Nimeangalia kote."

"Chini ya meza pia?"

"Chini ya meza pia."

Mtoto akavuta pumzi.

"Basi naingia," alisema, na Kamenka akatanguliza mguu wa kulia.